LIKELEMBA: KUAMINIANA NI KAZI, NA INA KAYE YAKE



Mu kalasi zetu kuna neno moja tunalisikia kila siku: "Siye hatuna makuta." Makuta yenyewe yalikufa zamani. Yalianza 1967, wakati zaire moja ilikuwa makuta 100, na tangu 1998 tunatumia franga kongole. Lakini jina lilibaki kinywani, na ukosefu nao ulibaki mfukoni. Leo siye makapita wa kalasi ya mwisho tunapenda kueleza namna gani watu wenye makuta kidogo wanapata makuta mengi kwa kuungana, bila banki na bila kuombaomba. Tutaeleza na kosa letu wenyewe, juu bila lile kosa hatungeandika habari hii.

I. LIKELEMBA NI NINI?

Nani kati yetu hajaiona? Mama anauza makala, jirani yake anauza unga wa bukari, mwingine bitoyo mu soko ya Kenya. (Tunasema komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi, si inchi ya Kenya. Ile inchi tutafika huko baadaye.) Wanapatana watu 10. Kila juma kila mmoja anatoa franga 5,000. Zote pamoja ni 50,000, na juma lile mtu mmoja anazibeba zote. Juma linalofuata ni zamu ya mwingine. Kisha majuma 10 kila mtu ametoa 50,000 na kila mtu amepokea 50,000. Hiyo njo likelemba. Wengine wanatamka likilimba. Jirani zetu wa Zambia, ku Copperbelt, wanaita chilimba. Watanzania wanasema upatu ama mchezo.

Mwanafunzi wa hesabu atauliza: "Sasa faida iko wapi? Umetoa 50,000, umepokea 50,000!" Ni kweli, hakuna hata franga moja inayoongezeka. Lakini franga 5,000 ikikaa peke yake mu nyumba, haimalizi siku tatu: mtoto anagonjwa, mgeni anafika, chumvi inakwisha. Franga 50,000 kwa mara moja inanunua bidhaa za kuuza, ama inalipa minervali. Likelemba haizai franga, inazikusanya pamoja ili zifanye kazi ambayo ndogondogo haziwezi.

II. NANI ANAMKOPESHA NANI?

Hapa njo penye wengi hatukuwa tunaelewa. Tuchukue tena ile mfano. Mtu wa kwanza, siku anapopokea 50,000, yeye mwenyewe ametoa 5,000 tu. Zile 45,000 ni za wenzake: ni deni. Mtu wa 10, siku moja mbele ya zamu yake, ametoa 45,000 na hajapokea kitu: yeye ni mkopeshaji. Wa katikati anakopesha kwanza, kisha anakopa. Kwa hiyo ndani ya likelemba kila mtu ni banki ya mwenzake, lakini si kwa uzito mmoja. Wa mwisho anaamini kuliko wote. Tena kama franga inaanguka bei katikati, ni yeye anapoteza. Ndiyo sababu hapa mjini wengi wanapenda kufanya likelemba ya dola.

Basi mtu wa kwanza akikula na kukimbia, nani atamshika? Hakuna karatasi ya tribinali. Kinachomshika ni kwamba wanamjua: wanajua nyumba yake, kanisa lake, meza yake ya soko. Mama mmoja mwenye kulinda kaye ya likelemba tangu miaka mingi alituambia hivi: "Likelemba haina ya franga, ni ya bantu. Ukichagula bantu muzuri, franga itafwata. Ukifwata franga, bantu batakimbia." Siye tuliandika maneno yake ndani ya daftari, lakini tulikuwa hatujayaelewa.

III. KWA NINI NI BAMAMA?

Wazee wanasimulia kwamba zamani mfanyakazi wa Union Minière alikuwa anapewa nyumba, posho ya chakula, hospitali na masomo ya watoto. Mwanzo wa 1967 Serikali ilichukua kampuni ile, na mwishowe ikakuwa Gécamines. Watu wa Katanga walikuwa wanasema kampuni ni baba na mama. Lakini 1990 mgodi wa Kamoto ku Kolwezi ulianguka, uzalishaji wa shaba ukashuka sana, na mishahara ikaanza kukawia miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa franga za Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile mpango walioita "kuondoka kwa hiari".

Katika miaka ile bamama walitoka nyumbani na kuweka meza sokoni. Banki nyingi hazikuwa na faida kwao: mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani, na aliyekuwa ameweka akiba aliiona inayeyuka kama chumvi mu maji. Likelemba haikuyeyuka hivyo, juu haiweki franga: zinapita tu, leo kwako, kesho kwangu. Wengi wetu tunaosoma leo, wazazi wetu walisomeshwa na zamu ya nyanya.

IV. KOSA LETU

Sasa tuseme yetu. Tangu 2019 masomo ya msingi ya Serikali ni bure, lakini siye wa sekondari wazazi wanalipa, na mtihani wa Serikali (Eta) unalipiwa pia. Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, mwenzetu mmoja wa kalasi ya mwisho, kijana wa akili na mwenye kusaidia wengine mu hesabu, alikuwa hajapata franga za kujiandikisha. Baba yake alikuwa mgonjwa. Siye makapita tukasimama mbele ya kalasi, tukataja jina lake na shida yake, tukapitisha kofia. Kila mmoja alitia alichokuwa nacho. Hatukuhesabu mbele ya watu. Hatukuandika. Kapita mmoja kati yetu alienda nazo nyumbani "kuzilinda".

Kisha siku tisa tulimwomba alete. Akainamisha kichwa. Nyumbani kulikuwa na kilio, na alitoa sehemu ya zile franga kwa matanga, akifikiri atarudisha mbele ya watu kujua. Hatumtaji jina, na yeye mwenyewe alitupa ruhusa ya kuandika hii. Alirudisha zote kisha majuma matatu. Lakini mu kalasi kelele ilikuwa imekwisha kuanza: wengine walisema makapita ni wezi, wengine walisema walitia zaidi ya vile walivyotia, na hakuna aliyeweza kumwonyesha mwenziwe ukweli, juu hakukuwa na kaye. Na siku za kujiandikisha zilikuwa zinakwisha.

Kulikuwa na kosa la pili, na sisi hatukuliona mpaka mwenzetu yule alipotuambia: "Munisamehe. Franga ninazihitaji, lakini tangu siku ile ya kofia, ninapoingia mu kalasi ninasikia kama ninaingia na sahani ya kuomba." Tulinyamaza kabisa.

V. TULIJIFUNZA KWA NANI?

Tulirudi kwa mama yule wa kaye. Hakutucheka. Aliuliza paka moja: "Ule mutoto, yee anatia ngapi?" Tukajibu: "Hapana, mama, yeye njo mwenye shida, yeye anapokea." Akasema: "Basi munamutosha mu bantu. Mumutie mu likelemba, akule wa kwanza, kisha alipe sawa bote."

Hivi njo tulifanya. Watu 12 walikubali, na yeye ndani yao. Kila juma kiasi kidogo, sawasawa kwa wote. Zamu ya kwanza wote walikubali iwe yake, na nyingine tulipiga kura. Alijiandikisha siku mbili mbele ya mwisho. Tangu juma lile hajakosa kutoa hata mara moja. Anauza maji ya baridi siku ya posho ili apate sehemu yake. Sasa anaingia mu kalasi na kichwa juu, juu yeye pia ni banki ya wenzake.

Kisha tulitafuta kama mambo haya yanajulikana ngambo, na tuliona kaye iko kila mahali penye mchango unaofaulu. Mwaka 1885, ku New York, hawakuwa na franga za kujenga msingi wa ile Sanamu ya Uhuru iliyotoka Ufaransa. Joseph Pulitzer, mwenye gazeti, aliahidi kuandika jina la kila mtu atakayetoa, hata akitoa kidogo namna gani. Watu zaidi ya 120,000 walitoa, wengi chini ya dola moja, na dola zaidi ya 100,000 zilipatikana. Gazeti lile lilikuwa kaye ya watu wote.

Tufike sasa ku inchi ya Kenya. Tangu uhuru wao wa 1963, Jomo Kenyatta alifanya neno harambee kuwa neno la taifa, na wanakijiji walijenga shule nyingi za sekondari kwa michango yao. Mwaka 2011, wakati wa njaa kubwa ku Turkana, Wakenya walichanga kwa simu, kwa njia ya M-Pesa iliyoanza kwao 2007. Walitaka kupata shilingi milioni 500, wakazivuka. Lakini wao wenyewe waliona na hatari: wakubwa wengine walitumia harambee kujitafutia sifa na kulazimisha watu, hata sheria ya 2003 ikakataza watumishi wa Serikali kutumia cheo chao kwa kukusanya michango. Mchango wa kulazimishwa si mchango, ni kodi isiyo na karatasi.

Na sisi wanafunzi wa shule ya Kiprotestanti tulisahau Biblia iliyo mkononi. Someni 2 Wakorintho sura ya 8: Paulo alipokusanya msaada kwa ndugu wa Yerusalemu, hakumwacha mtu mmoja kubeba franga peke yake. Alitia wengine waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate neno la kuwalaumu. Kama Paulo alihitaji mashahidi, kapita wa kalasi ni nani?

Tusichanganye likelemba na udanganyifu. Wazazi wanakumbuka Bindo, ku Kinshasa, aliyeahidi watu faida kubwa sana kwa muda mfupi. Mwaka 1991 ilianguka na watu wengi walipoteza yote. Tofauti ni rahisi: Bindo aliahidi franga zisizotoka popote, na waliotia hawakujuana. Likelemba haiahidi hata franga moja ya zaidi. Leo wengine wanaleta mambo ya namna ile mu simu na majina mapya. Ukisikia "tia moja upate tano", ondoka.

VI. SHERIA TANO ZA KALASI YETU

1. Watu wachache, wenye kujuana. Zaidi ya 12 hatukubali.

2. Kiasi ambacho maskini wa kundi anaweza, si kile tajiri anachopenda.

3. Franga zinahesabiwa mbele ya wote na zinatolewa siku ileile. Hazilali kwa mtu.

4. Kaye mbili, waandishi wawili. Kila anayetoa anatia saini. Anayetuma kwa simu, anaonyesha ujumbe.

5. Atakayekosa aseme mbele ya siku, si kisha. Mwenye kusema anasaidiwa. Mwenye kujificha anatafutwa na wote pamoja, kwa upole, nyumbani kwake.

Tunaandika hii likelemba yetu ikiwa na zamu tatu mbele. Hatuwezi kuwaahidi kwamba itamalizika vizuri. Watu tisa wamekwisha kukula, na watatu wanangojea, na kati ya hao watatu kuna yule kapita aliyekosa. Yeye mwenyewe aliomba zamu ya mwisho, ile yenye kuamini kuliko zote. Kila Ijumaa anatoa wa kwanza, mbele ya wengine, na anatia saini yake. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo.

Wadogo zetu mtakaobaki kisha sisi kuondoka, kaye zote mbili tutaziacha ku maktaba. Mufungue muone. Mutapata na ukurasa mmoja mweupe kabisa, wa mwanzo: ni ule wa siku ya kofia. Hatukuutoa.

Ni sisi, makapita wa kalasi ya mwisho.