Nani Mwenyeji, Ipi Ardhi Isiyotumika? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalivyomeza malisho ya Wabarabaig kwenye tambarare za Basotu, wilayani Hanang. Leo tuitazame kesi ya kijiji cha Mulbadaw. Wanakijiji walipata ushindi Mahakama Kuu, Arusha, lakini NAFCO ikakata rufaa mwaka 1985 na kushinda. Mahakama ya Rufani ilisema kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile. Waliodai haki ya mila nao waliambiwa hawakuthibitisha kuwa ni “wenyeji” kama sheria ya ardhi ya mkoloni ilivyotaka. Watu waliozika wazee wao pale wakadaiwa ushahidi wa uenyeji! Nani angefikiri kuuleta?

Vilio vya namna hiyo vilimfanya Rais Mwinyi aunde Tume ya Ardhi mwaka 1991, chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilitaka ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji. Serikali ikakataa: katika Sera ya Ardhi ya 1995 na sheria mbili za 1999, yaani Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Rais akabaki mdhamini wa ardhi yote. Wanaharakati wa haki za wanawake walipigania maneno yao wakafanikiwa: kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Kuna maneno mengine yaliyopitishwa katika sheria hizo, na hayo ndiyo yanayonitia hofu. Sheria ya Ardhi inapotoa maana ya “ardhi ya jumla”, yaani ardhi isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, inajumuisha pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haina nyongeza hiyo. Sasa mfugaji wa Hanang anayehamisha ng'ombe masika ili nyanda za kiangazi zipate kuota, nyanda hizo hazitumiki? Kwake zinatumika sana; kupumzishwa ndiyo matumizi yenyewe. Kwa ofisa anayepita na gari, ni pori tupu. Tafsiri hiyo haisemi iwapo kupumzisha malisho ni kuyatumia; neno limeachwa lisilo na mwenyewe.

Ndugu zangu wa Mbulu na Hanang, rasimu ya sheria ndogo au mpango wa matumizi ya ardhi ikiletwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, msiridhike kusomewa adhabu na faini. Daini kwanza kisomwe kifungu cha tafsiri, na malisho ya msimu yatajwe humo kwa jina kuwa ni ardhi inayotumika.