Brauza Imejibadilisha, Mume Kanuna!

Siku tisa. Kwa siku tisa mume wangu alikuwa ananijibu "mmh" na "sawa" basi. Chai anakunywa, shikamoo za watoto anaitikia, lakini mimi nikiuliza kitu, jibu halizidi neno moja. Nikajipekua: nimemkosea nini? Jumapili nikapika pilau la maana, nikaambulia "asante". Hapo nikajua kuna jambo.

Siku ya kumi akalitoa moyoni. Watoto wamelala, akafungua kompyuta yake, akaandika herufi mbili tu kwenye brauza, c na h. Ikashuka orodha: chumba na sebule Tabata. Chumba na sebule Segerea bei nafuu. Chumba kimoja Kinyerezi, maji ndani.

"Unahama lini?" akaniuliza.

Mpenzi msomaji, nilicheka, halafu nikalia. Chumba kilikuwa cha mdogo wangu. Ndoa yake ilikuwa imemshinda, kapata kazi Dar, na alinisihi nisimwambie mtu, hata shemeji yake, mpaka atakapofika. Mimi dada mtu nikaitunza siri kwenye simu yangu, nikiamini simu ni yangu na siri ni yangu. Kumbe brauza nayo ilikuwa na mipango yake.

Ilikuwaje? Wiki chache nyuma, niliazima kompyuta ya mume wangu nifungue barua pepe. Brauza ilikuwa ndiyo kwanza imejisasisha, sura mpya, rangi mpya. Likatokea boksi lenye maelezo marefu, na mimi na haraka zangu nikabonyeza "Ndiyo" bila kusoma. Kuanzia siku ile, kila nilichokitafuta kwenye simu kikawa kinahamia kwenye kompyuta yake. Na wala hakuwa ananichunguza, maskini. Alikuwa anatafuta bei ya cherehani ya mama yake!

Nilichokikuta Aggrey

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na safari ya Kariakoo kununua mapazia. Nikaona nipitie Mtaa wa Aggrey kwa fundi wangu wa simu, anieleze vizuri nilichokifanya. Anayeijua Aggrey anaelewa: unabadilishiwa kioo umesimama, huku nyuma yako mkokoteni unapita na mwenye nao anakupigia kelele umpishe. Nilidhani nina tatizo langu peke yangu. Wapi! Kwenye kile kimeza kimoja niliwakuta watatu wenye kilio kinachofanana na changu.

Wa kwanza alikuwa mama anayeuza vitenge. Kwenye brauza yake huwa anaacha kurasa wazi, za wauzaji wa Guangzhou na bei za mizigo, ndiyo daftari lake hilo. Asubuhi kaamka, brauza imejisasisha, kurasa hazioni. Alikuwa tayari kulipa pesa simu "irudishwe kama zamani". Fundi akagusa sehemu mbili, kurasa zote zikatokea. "Hazijapotea mama, zimewekwa fungu moja," akamwambia. Yule mama akavuta pumzi kama aliyeokota pochi yake.

Wa pili kijana anayetembeza soksi. Yeye hana habari na sura ya brauza, kilio chake ni bando. Tangu mabadiliko, akifungua tu ukurasa wa mwanzo anakutana na habari na picha ambazo hakuziomba, na bando la wiki haliifikii Ijumaa.

Wa tatu mzee wa makamo, mtu wa heshima zake. Sehemu ya kuandika anuani ilikuwa juu, sasa iko chini. Tatizo dogo, utasema. Lakini maneno yake sijayasahau: "Nyumba yangu, mlango kauhamisha nani?"

Fundi akaniambia wateja wa namna hii anawapata kila mara. Simu haina ugonjwa, mwenye simu ndiye aliyepata mshtuko.

Hata wakubwa wamezomewa

Usidhani ni ushamba wetu wa Kibongo. Septemba 2018, brauza ya Chrome ilitimiza miaka 10 na ikatoa toleo la 69 lenye sura mpya. Ndani yake kulikuwa na badiliko moja la kimyakimya: ukiingia kwenye barua pepe ya Gmail, brauza yenyewe nayo inaingizwa kwa jina lako. Watumiaji walikuja juu, wakiwemo wataalamu wa usalama wa mitandao, wakasema hatukuulizwa. Google ikajitetea kwamba kuingizwa huko peke yake hakuhamishi historia ya mtu mpaka akubali. Hata hivyo, katika toleo la 70 la Oktoba mwaka huohuo, ikaweka sehemu ya kulizima jambo hilo.

Mwaka 2021 kurasa zilizo wazi kwenye Chrome ya simu za Android zilianza kupangwa kwa makundi, vijisanduku badala ya ile orodha iliyozoeleka. Wengi waliona ni kero, wakawa wanafundishana njia za kurudisha mpangilio wa zamani.

Na kwa watu wa bando, pigo lilikuja Machi 2022. Chrome ilikuwa na huduma ya kubana matumizi ya data, iliyoanza mwaka 2014. Kuanzia toleo la 100 ikaondolewa. Sababu waliyotoa Google ni kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi. Mwambie hayo yule kijana wa soksi uone atakavyokutazama!

Sisi wa umri wangu tunakumbuka Opera Mini, iliyosambazwa duniani kote mwaka 2006. Ilikuwa inaupitisha ukurasa kwenye mitambo yao kwanza, inauminya, ndipo inaushusha kwenye kisimu chako cha vitufe. Uminyaji huo uliweza kupunguza data hadi asilimia 90. Kwa hiyo ukimgusa mtu brauza yake, unakuwa umemgusa na mfuko wake.

Hodi hodi!

Nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani na mapazia yangu mapajani, nikagundua kitu. Wale watatu pale Aggrey, na mume wangu, wote walikuwa na hasira moja. Yule mama kurasa zake zilikuwepo, na yule mzee angezoea ndani ya siku mbili. Kilichowauma ni kwamba mtu kaingia kwao, kahamisha vitu, na hakupiga hodi.

Uswahilini hata jirani wa miaka 20, mlango ukiwa wazi, anasimama nje anaita "Hodi!" na anasubiri "Karibu". Sasisho la brauza haliiti. Linaingia usiku simu ikiwa kwenye chaji, na asubuhi linakuuliza swali moja refu likijua una haraka.

Na sisi kwenye ndoa je? Mimi nilikuwa nampangia mtu maisha mapya, tena ndugu wa karibu, bila kumpigia hodi mwenzangu. Siri ilikuwa ya mdogo wangu, sawa. Lakini ningeweza kusema, "Kuna jambo la nyumbani nalishughulikia, nitakwambia likiiva." Sentensi moja tu! Naye, badala ya kuniuliza siku ya kwanza, alikaa siku tisa na jibu alilojitungia mwenyewe. Brauza ilikosea mara moja. Sisi tulikosea siku tisa mfululizo.

Kabla hamjanuniana

Haya, haya ndiyo niliyoyapata kwa fundi na kwa yaliyonikuta:

*Soma lile boksi.* Likikuuliza kuhusu kusawazisha, maana yake ni kwamba historia na maneno yako ya siri yatakufuata kwenye kila kifaa ulichoingia kwa akaunti hiyo. Ni jambo zuri ukipoteza simu. Kwenye kompyuta ya watu wawili ni jambo jingine.

*Kila mtu na jina lake.* Brauza nyingi za kompyuta zinakuruhusu kutengeneza sehemu mbili, ya mume na ya mke, kila moja na historia yake. Sio usiri mbaya huo, ni kama kila mtu kuwa na droo yake kabatini.

*Ukiwa steshenari, wewe ni mgeni.* Tunajaza fomu za kazi na za mikopo ya wanafunzi kwenye kompyuta za watu. Tumia dirisha la mgeni au lile la faragha, usikubali neno lako la siri lihifadhiwe, na ukimaliza toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

*Hali fiche sio pango.* Inaficha historia kwa anayeshika simu baada yako, basi. Mtandao wa ofisini na tovuti unazofungua bado zinaweza kukuona. Google ilishitakiwa kwa jambo hili Marekani mwaka 2020, na mwaka 2024 ikakubali kufuta kumbukumbu nyingi ilizokusanya na kuyaweka wazi zaidi maelezo yake. Kwa hiyo shosti, na wewe kaka, kama ndoa inaegemea dirisha fiche, kuna jambo la kuzungumza.

*Usizime masasisho kwa hasira.* Nyuma ya sura mpya mara nyingi kuna matundu ya usalama yaliyozibwa, na wezi wa mtandaoni wanayapenda matundu hayo. Ukinunua simu iliyotumika Kariakoo, uliza ni Android ya ngapi. Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Android 7 mwaka 2023, baada ya toleo la 119.

Na mdogo wangu?

Alifika. Shemeji yake ndiye aliyempokea stendi, na ndiye aliyebishana na dalali mpaka kodi ikapunguzwa. Chumba ni Segerea, kile cha pili kwenye ile orodha iliyoniponza. Cherehani nayo ilinunuliwa, mama mkwe anashona.

Wiki iliyopita brauza imejisasisha tena. Nilikuwa jikoni nikasikia naitwa. Nimefika sebuleni, mume wangu kakaa mbele ya kompyuta, boksi limetokea, mikono kaiweka mapajani.

"Kaa hapa," akaniambia. "Tulisome wote kabla sijabonyeza."