Punda mpya afundishwe kwanza, mkokoteni baadaye

WASWAHILI husema fadhila za punda ni mateke. Wenye mikokoteni wengi wanaukubali msemo huo, kwani wamewahi kupigwa teke, kuangushiwa mzigo au kuvunjiwa gurudumu na punda waliyemnunua mnadani siku chache tu kabla. Lakini mara nyingi kosa si la punda. Ni la siku ya kwanza kazini.

Mazoea ya wengi ni kumnunua punda, kumfikisha nyumbani na kumfunga kwenye mkokoteni kesho yake, akiwa ubavuni mwa punda mzee. Akikataa kusogea, fimbo hufanya kazi. Punda, hata hivyo, si kama farasi. Farasi akiogopa hukimbia, ilhali punda husimama kwanza ili akipime kile kinachomtisha. Watu huuita huo ukaidi. Anayechapwa akiwa katika hali hiyo hujifunza jambo moja tu: kwamba mkokoteni na maumivu huja pamoja.

Umri ni jambo la kwanza kuangaliwa. Punda asianze kuvuta mzigo kabla ya kutimiza miaka mitatu, na mzigo kamili usubiri hadi afikishe minne. Muuzaji anaweza kudanganya, lakini meno hayadanganyi sana. Meno ya mbele ya utotoni huanza kung'oka mnyama akikaribia miaka mitatu, na ya ukubwani hukamilika akiwa na karibu mitano.

Mafunzo ya kamba ndefu

Kabla ya mkokoteni, punda azoeshwe kuvaa hatamu, kuongozwa na kuguswa miguu. Kisha huja zoezi la kumzungusha kwa kamba ndefu. Mfundishaji husimama katikati ya uwanja tambarare usio na mawe, akishika kamba ya mita sita hadi nane iliyofungwa kwenye hatamu, naye punda hutembea akimzunguka. Duara lisiwe dogo, kwani kugeuka kwa kubanwa huumiza viungo vya miguu.

Dakika kumi hadi kumi na tano kwa siku zinatosha, nusu upande wa kulia na nusu upande wa kushoto. Maneno yawe machache na yasibadilike: "twende", "polepole", "simama". Punda akitii, kamba ilegezwe mara moja, maana kulegezewa ndiko kunakomwambia kuwa amefanya sawa. Mfundishaji asijizungushie kamba mkononi hata kidogo. Punda akishtuka na kukimbia, kamba hiyo inaweza kukata vidole.

Fimbo ndefu hutumika kuonyesha njia, kama mkono ulioongezwa urefu. Haitumiki kuchapa.

Vifaa vya kuepuka

Wapo wanaofunga kamba fupi kutoka kwenye hatamu hadi kwenye mkanda wa tumboni ili kichwa cha mnyama kiinamie kifuani. Wenye farasi hutumia mikanda ya aina hiyo kwa ustadi, ikiwa imelegezwa na baada ya mnyama kupata moto wa mwili. Kwa punda anayeanza kujifunza, kamba hiyo ni hatari. Punda hutumia shingo kujisawazisha, na akifungwa kichwa haoni vizuri anakokanyaga, shingo humuuma na anaweza kuanguka.

Lijamu ya waya au mnyororo nayo haifai, kwani hukata ulimi na midomo. Punda aliyefundishwa vizuri huendeshwa kwa hatamu pekee, bila chuma mdomoni.

Akishazoea kuzunguka, mfundishaji huhamia nyuma yake na kumwendesha kwa kamba mbili, kana kwamba mkokoteni upo. Baadaye punda huvuta tairi kuukuu ili azoee mburuzo na kelele. Mkokoteni mtupu hufuata, na mzigo mwepesi huja mwisho. Kazi hiyo yote huchukua wiki kadhaa.

Nira ya ng'ombe haifai kwa punda. Ng'ombe ana nundu ya kuegemea nira, lakini punda husukuma kwa kifua. Anahitaji mkanda wa kifuani wenye upana wa sentimita nane hadi kumi, wa turubai au pamba, uliowekewa kitambaa kinene ndani, na uliokaa chini ya koromeo ili usimzuie kupumua. Mgongoni awekewe mto ulioacha nafasi juu ya uti wa mgongo. Mkanda wa makalio nao ni wa lazima, kwa kuwa bila huo mkokoteni usio na breki humgonga miguu kwenye mteremko.

Hesabu ya mfuko

Punda mwenye kidonda kifuani hafai kufanya kazi hadi apone, na kila siku anayopumzika ni siku ya maji, maziwa au magunia yasiyosafirishwa. Kumpata mwingine si rahisi. Jike hubeba mimba kwa karibu mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao, imepunguza idadi yao katika nchi nyingi. Ndiyo sababu Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafikiana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Kwa mwenye mkokoteni, hesabu ni nyepesi. Kamba, turubai na subira ya wiki chache ni gharama ndogo mbele ya bei ya punda mwingine. Na punda aliyeanza kazi bila kuumizwa hana sababu ya kulipa fadhila kwa mateke.