Waweza kuacha nyama na maziwa bila mfuko kutoboka

MTU akitangaza mtaani kwamba ameacha nyama, maziwa na mayai, huulizwa maswali mawili. Kwanza, atapata wapi nguvu? Pili, ana pesa ngapi? Wengi wamezoea kuviona vyakula vya aina hiyo kwenye rafu za maduka makubwa: maziwa ya lozi ndani ya pakiti, soseji za soya, na bei zinazomfanya mama wa watoto watatu kurudisha mkono haraka.

Ukweli ni kwamba vitu hivyo si lazima. Watu wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama huitwa vigani, jina lililotungwa Uingereza mwaka wa 1944. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu ya imani, wengine kwa ajili ya afya au kuwahurumia wanyama, na wapo ambao mfuko ndio uliowaamulia. Wote hao wanaweza kushiba vyema kwa vyakula vya mama mboga. Hatari iko kwa yule anayeondoa nyama kwenye sahani na asiweke kitu mahali pake. Mwanafunzi anayeishi kwa chapati na kabichi kila siku hali nyama, lakini pia hali chakula kamili.

Maharagwe ndiyo nguzo

Kilichoshika nafasi ya nyama tangu zamani ni jamii ya kunde: maharagwe, ndengu, mbaazi, kunde, njahi na kamande. Gramu 100 za maharagwe makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini, kiasi kisichopungua kile cha nyama mbichi ya uzito huo huo. Hata hivyo, maharagwe hunywa maji yakipikwa, kwa hivyo vijiko viwili pembeni mwa ugali havitoshi. Jaza bakuli.

Babu zetu waliyajua haya bila kusoma vitabu vya lishe. Githeri ya Mlima Kenya na muthokoi wa Ukambani huchanganya mahindi na maharagwe, ilhali Pwani kuna mbaazi za nazi. Nafaka na kunde husaidiana, kwani protini inayopungua katika moja hupatikana katika nyingine. Si lazima ziwe kwenye sufuria moja, almuradi zote ziliwe siku hiyo.

Mboga nazo zisiwe sukuma wiki pekee. Terere, managu, saga na majani ya kunde yana madini ya chuma na kalisi. Wanaozoea kuunga mboga hizi kwa maziwa wanaweza kutumia karanga au simsim iliyosagwa, au tui la nazi. Asubuhi, uji wa wimbi hushinda wa mahindi mbali sana kwa kalisi.

Ila chuma ya mimea huingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama. Dawa yake ni rahisi: kamulia ndimu kwenye ndengu, au kula chungwa au kachumbari pamoja na chakula. Chai, hata ile ya strungi, huzuia chuma hiyo, hivyo isubiri saa moja baada ya kula.

Kuokoa makaa na gesi

Akina mama wengi husema kwamba maharagwe ni rahisi kununua, lakini hula makaa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo na uyapike kwa maji mapya. Yakishachemka kwa nguvu na kukaribia kuiva, yanaweza kumalizikia ndani ya kikapu kilichoshonewa vitambaa vya kuhifadhi joto, bila moto wowote. Usiyaondoe motoni kabla hayajachemka barabara kwa dakika 10 au zaidi, kwani maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu inayosababisha kutapika. Magadi nayo hulainisha haraka, lakini huharibu baadhi ya vitamini.

Kununua kwa gorogoro, hasa wakati wa mavuno, hupunguza gharama kuliko kununua kwa vikombe. Familia mbili au wanafunzi wanne wa chumba kimoja wanaweza kuchanga na kwenda Nyamakima jijini Nairobi au Kongowea kule Mombasa, kisha wagawane. Lakini bei ya kutupa isikupofushe. Mahindi au karanga zenye ukungu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo haiishi kwa kupika. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini, wengi wao Ukambani, baada ya kula mahindi yaliyoharibika.

Pengo lisilozibwa na mboga

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna mmea unaoweza kutegemewa kukitoa: vitamini B12. Upungufu wake huleta uchovu, ganzi ya mikono na miguu, na usahaulifu. Ukiachwa muda mrefu, mishipa ya fahamu huweza kuharibika kabisa. Mwili huweka akiba ambayo huweza kudumu miaka kadhaa, ndiyo maana mtu hudhani yuko salama hadi siku inapokwisha.

Mtoto mchanga hana akiba kama hiyo. Mama anayenyonyesha bila kupata B12 huweza kumfanya mwanawe achelewe kukua na kujifunza. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mzazi anayewalisha watoto kwa mimea pekee wasikose kumwona mhudumu wa afya kwanza.

Tangu mwaka wa 2012, sheria ya Kenya inawataka wasagaji wakubwa kutia vitamini na madini katika unga wa mahindi na ngano unaouzwa kwa pakiti, B12 ikiwemo. Unga wa posho mill hauna nyongeza hiyo. Lakini hata unga wa pakiti usiutegemee peke yake. Njia ya hakika ni tembe za B12 kutoka duka la dawa. Ziweke kwenye bajeti ya mwezi kama unavyoweka chumvi na sabuni.

Basi mpango wa siku waweza kuwa hivi: asubuhi uji wa wimbi na kiazi kitamu, mchana githeri yenye terere, na chungwa, jioni ugali, ndengu na managu yaliyoungwa kwa karanga. Hakuna hapo kitu cha kuagizwa ng'ambo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa cha kupimia nafaka.