Sura ya Tano: Jangwa Baada ya Bahari

Wodini na msibani huulizwa swali moja mara nyingi: nimemkosea Mungu nini? Anayeuliza tayari amehukumu kwamba jaribu ni adhabu. Biblia inajua adhabu, wala haifichi. Lakini ukifuata habari za kujaribiwa tangu Mwanzo hadi nyaraka za mitume, utaona jaribu likimjia mtu ambaye Mungu ameshamwita wake.

Waisraeli walikombolewa kwanza. Walivuka Bahari ya Shamu, Miriamu akashika tari, wanawake wakacheza. Siku tatu baadaye walifika Mara na maji yake hayakunyweka kwa uchungu, na kitabu cha Kutoka kinasema hapo ndipo Mungu alipowajaribu. Kisha ikaja njaa, ikaja mana, na kule Refidimu kiu ikawageuza: sasa wao ndio wakamjaribu Mungu, wakidai athibitishe kama yumo kati yao. Mahali hapo pakaitwa Masa na Meriba. Miaka 40 ilipokaribia kwisha, Musa aliwaeleza maana ya safari ile. Katika sura ya 8 ya Kumbukumbu la Torati anasema njaa ile ilikusudiwa kudhihirisha yaliyomo mioyoni mwao, na kwamba Mungu aliwarudi kama mzazi anavyomrudi mwanawe.

Mathayo aliijua sura hiyo vizuri. Yesu anabatizwa Yordani, sauti inamtaja kuwa Mwana, na papo hapo Roho anampeleka nyikani kwa siku 40. Mjaribu anaanzia hapohapo: kama kweli wewe ni Mwana. Majibu yote matatu ya Yesu yanatoka Kumbukumbu la Torati, moja sura ya 8 na mawili sura ya 6, na jibu la pili linakumbusha Masa. Anapita njia ambayo Israeli walijikwaa, naye anasimama. Njaa yake haikumpunguzia uana hata kidogo.

Habari ya Ibrahimu na Isaka mlimani Moria ni nzito zaidi, na inahubiriwa haraka mno. Msomaji anaambiwa mapema kwamba hili ni jaribu, Ibrahimu haambiwi. Ayubu naye hajui yaliyosemwa mbinguni, na kitabu kinakwisha bila yeye kuelezwa. Rafiki zake walifanya jema walipoketi naye siku saba kimya. Walipofungua vinywa wakamtafutia dhambi, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Ayubu, aliyelalamika na kudai kesi yake isikilizwe, ndiye ambaye Mungu alisema amenena sawasawa. Kwa hiyo kulia mbele za Mungu si kushindwa jaribu.

Waraka wa Yakobo unaweka mpaka ulio muhimu: taabu inaweza kumkomaza mtu katika saburi, lakini kivutio cha kutenda uovu hakitoki kwa Mungu, hutoka katika tamaa ya mtu mwenyewe. Waraka wa kwanza wa Petro unalinganisha imani na dhahabu ipitayo motoni. Uliandikwa kwa waumini waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, watu waliotukanwa kwa ajili ya jina la Kristo. Maneno hayo yasichukuliwe kumwambia mke anayepigwa kwamba avumilie kwa kuwa huo ndio moto wake. Anayepiga anatenda dhambi, na kanisa linapaswa kumlinda anayepigwa.

Petro mwenyewe alianguka. Luka anasimulia kwamba Yesu alimwambia mapema kuwa Shetani amewataka wanafunzi awapepete kama ngano, na kwamba yeye Yesu amemwombea Petro imani yake isitindike. Usiku ule ule alimkana mara tatu. Lakini kazi ya kuwaimarisha ndugu zake alikuwa ameshakabidhiwa kabla ya kuanguka, naye aliifanya.

Basi, mchungaji, mzee wa kanisa, mama wa jumuiya: ukienda kumwona mgonjwa, usimtafutie kosa lake. Keti naye. Akilalamika, msikilize mpaka amalize, kisha omba pamoja naye.