Omanyala na miaka iliyotangulia sekunde 9.77

Wazazi wa Mbinga na wa vijiji vya kando ya Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, hawana ugeni na mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Kila mwaka hujitokeza mtoto anayewaacha wenzake mbali, na mzazi hubaki akijiuliza: kipaji hiki kitamfikisha wapi, na je, hakitamharibia masomo? Tumeona vyema tuwasimulie habari za Ferdinand Omanyala wa Kenya, kwani miaka yake ya mwanzo ina majibu, ingawa si yote matamu.

Afrika Mashariki tumezoea sifa za mbio ndefu na za kati. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, naye Suleiman Nyambui akatwaa medali ya fedha ya mita 5000 mjini Moscow mwaka 1980. Mbio fupi tuliwaachia Wamarekani na Wajamaika, kana kwamba Mwenyezi Mungu aligawa misuli kwa kufuata ramani. Tulikwisha kumsahau kijana wa Mombasa, Seraphino Antao, aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth mwaka 1962.

Omanyala, aliyezaliwa Januari 2, 1996, alianzia katika raga. Ni mchezaji mwenzake aliyemshawishi ajaribu mita 100, naye wakati huo alikuwa akisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuacha masomo kwa ajili ya mbio. Hilo tunapenda vijana wetu walisikie.

Mwaka 2017 ukawa mwaka wa mtihani. Vipimo vilionesha mwilini mwake betamethasoni, dawa ipunguzayo uvimbe na maumivu, ambayo madaktari huitumia kila siku kwa wagonjwa wa kawaida. Yeye alieleza kwamba aliipata katika matibabu ya mgongo. Hata hivyo akafungiwa miezi 14. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa kemia ndiye aliyekwazwa na kemia! Hapa pana jambo zito kwa mzazi. Dawa iliyo halali kwa mgonjwa yaweza kuwa marufuku kwa mwanariadha siku za mashindano, na kanuni humbebesha yeye mwenyewe dhamana ya kila kiingiacho mwilini mwake. Upo utaratibu wa kuomba kibali cha tiba, lakini sharti mtu aujue na amwambie daktari mapema kwamba yeye ni mshindani. Mwili ni amana, na amana huulizwa mwenyewe.

Adhabu iliisha, lakini lawama hazikuisha. Chama cha riadha cha Kenya kilikuwa na msimamo wa kutowachagua waliowahi kufungiwa, hata akawa mkimbiaji mwenye kasi asiye na hakika ya kuvaa jezi ya nchi yake. Machi 2021 alikimbia sekunde 10.01 mjini Lagos, akafikia kiwango cha Olimpiki, na hatimaye akaruhusiwa kwenda Tokyo. Huko alifika nusu fainali kwa sekunde 10.00. Mwezi huohuo wa Agosti, mjini Andorf nchini Austria, akakimbia 9.86. Septemba 18, 2021, katika uwanja wa Kasarani, akatumia sekunde 9.77, rekodi ya Afrika, ingawa Mmarekani Trayvon Bromell alimtangulia kwa 9.76.

Julai 2022 viza ya Marekani ilichelewa, akawasili kwenye mashindano ya dunia mjini Eugene saa chache tu kabla ya mbio zake, akaishia nusu fainali. Wiki chache baadaye, Agosti 3, alishinda mita 100 za Jumuiya ya Madola mjini Birmingham kwa sekunde 10.02. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda mbio hizo tangu Antao. Antao mwenyewe hakuyaona hayo; alifariki mwaka 2011.