Mdundo na Mwenendo: Ngoma za Pemba kwa Jicho la Tiba ya Muziki

Mchezaji wa msewe, ngoma yenye asili ya kisiwa cha Pemba, hujifunga miguuni vitu vinavyotoa sauti kila anapokanyaga. Mguu wake huifuata ngoma, na papo hapo huwa sehemu ya ngoma hiyo. Wapemba wamelijua hilo kwa vizazi vingi, na leo linafanyiwa kazi hospitalini: sauti yenye mpangilio haiishii masikioni, bali huongoza mwendo, pumzi, usemi na hisia za mwanadamu.

Tiba ya muziki ni matumizi ya mdundo na wimbo, chini ya mtaalamu, kwa lengo la kiafya lililobainishwa tangu mwanzo: mgonjwa atembee, aseme, atulie au arejee kuchangamana na wenzake. Kwa hivyo kumfungulia mgonjwa redio ni jambo jema, lakini si tiba kwa maana hiyo. Fani hii ilipata sura yake ya sasa nchini Marekani, muziki ulipotumika katika hospitali za askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Chama cha kitaifa cha wataalamu wake kiliundwa huko mwaka 1950. Wazo lenyewe ni kongwe zaidi. Katika hospitali ya Sultani Bayezid II, iliyojengwa Edirne, Uturuki, mwaka 1488, wagonjwa walipigiwa muziki kuwa sehemu ya matibabu yao.

Sauti hutoka katika sikio la ndani, hupita kwenye neva ya kusikia na kufika ubongoni. Huko haitui mahali pamoja. Sehemu zinazoitambua hushirikiana na zile zinazoongoza viungo, zinazohifadhi kumbukumbu na zinazoamsha hofu au furaha. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walionesha kwamba muziki unaompendeza msikilizaji huufanya ubongo utoe dopamini, kemikali inayohusika pia na raha ya chakula. Utafiti mwingine wa mwaka 2006 ulionesha kuwa muziki wa kasi huharakisha pumzi na mapigo ya moyo, na kwamba kimya cha dakika mbili kati ya nyimbo kiliwatuliza wasikilizaji kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza kusikiliza. Mama anayembembeleza mwanawe kwa sauti ya chini, akinyamaza kidogo kati ya beti, anafuata kanuni hiyohiyo.

Mdundo unafaa hasa pale mwendo unapoharibika. Mgonjwa wa Parkinson huweza kusimama mlangoni akashindwa kuinua mguu, ingawa misuli yake bado ina nguvu. Kilichodhoofika ni sehemu ya ubongo inayoanzisha hatua na kupima muda wake. Akisikia mdundo ulio sawasawa, ubongo hupata kipimo kutoka nje, na mara nyingi hatua huwa ndefu zaidi na zenye mpangilio. Kwa mgonjwa aliyekulia Pemba, mdundo huo si lazima utoke katika chombo cha kigeni. Unaweza kuwa mdundo anaoujua tangu utotoni.

Usemi nao una njia yake. Katika kibati, ngoma nyingine ya Pemba, maneno hutolewa kwa kasi juu ya mdundo, na kundi huitikia. Mtu aliyepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo huenda akashindwa kutamka hata jina la mkewe, lakini akaweza kuimba maneno ya wimbo wa zamani. Kuimba hutumia pia njia za upande wa kulia, ambao huenda haukudhurika. Tangu mwaka 1973 madaktari wa Boston, Marekani, walianza kuitumia nafasi hiyo: mgonjwa hutamka kwa kiimbo sentensi fupi za mahitaji yake, kama vile kuomba maji, huku akigonga kwa mkono wa kushoto, kisha kiimbo hupunguzwa kidogokidogo mpaka yabaki maneno. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kuwa wagonjwa wa kiharusi waliosikiliza kila siku muziki walioupenda wenyewe walipata nafuu zaidi ya kumbukumbu ya maneno na umakini.

Ipo pia nguvu ya kundi. Katika ngoma za kupunga pepo, mgonjwa hakai peke yake: jamaa hukusanyika, huimba, hupiga makofi, na dhiki isiyotajika mchana hupata pa kutokea. Tabibu hana haja ya kuingia katika mjadala wa pepo ili akiri kuwa kuzungukwa na watu humpunguzia mtu upweke na wasiwasi. Ila ana wajibu wa kusema wazi kwamba ngoma haizibui mshipa wa damu ulioziba ubongoni, wala haichukui nafasi ya dawa za kifafa. Mdomo unapopinda ghafla, mkono unapolegea au usemi unapopotea, safari ya kwanza ni ya hospitali, na kila saa inayopotea huua sehemu ya ubongo. Wimbo utakuwa na kazi yake baadaye.

Muziki huweza pia kudhuru. Wimbo uliopigwa siku ya msiba huweza kumrudisha mgonjwa katika huzuni. Sauti ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku huweza kuharibu usikivu, na vipaza sauti vya harusi huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Tena wako wagonjwa ambao imani yao haiwaruhusu ala za muziki. Kwao kasida au dhikri huweza kubeba mdundo na pumzi zilezile.

Kwa sababu hizo, swali la kwanza la mtaalamu huelekezwa kwa mgonjwa na jamaa zake: alikuwa akiimba nini, wapi, na pamoja na nani? Jibu lao ndilo linaloonesha tiba ianzie wapi.